NJIA YA NYAYA ZA PAMPU: KUCHAGUA TREI NA KUIFUNGA

Mkulima anayetaka kuvuta maji kwa nguvu za jua huuliza mambo matatu: paneli ni ngapi, pampu ni ya namna gani, na bei ni kiasi gani. Maswali hayo ni ya haki. Lakini liko la nne ambalo wachache huliuliza, nalo ni hili: nyaya zitapita wapi? Pampu hukaa chini kisimani penye ubaridi. Paneli zimeundwa makusudi zikae juani. Waya ndio unaotoka juani, ukavuka ua penye mbuzi na punda, ukaingia katika chumba chenye paa la bati, kisha ukashuka kisimani. Ukiharibika popote katika njia hiyo, mali yote ile husimama.

Somo la mwezi huu ni juu ya njia hiyo, hasa juu ya trei, yaani kitanda cha chuma kinacholaza nyaya juu ya ardhi. Tumechagua Habaswein kuwa mfano wetu, kwa sababu taabu zote za waya zimekusanyika pale. Wewe uliye kwenye skimu kando ya mto Tana, au mahali pengine penye joto, utayaona mambo yale yale, labda kwa kipimo kidogo.

Hali ya Habaswein

Jina la mji huu kwa Kisomali ni habari ya vumbi, vumbi kubwa, na aliyepita pale mwezi wa Februari hahitaji kueleza zaidi. Mji uko katika Kaunti ya Wajir, kwenye njia ya kutoka Garissa, karibu na mahali ambapo mto Ewaso Ng'iro huishia katika kinamasi cha Lorian. Maji ya juu ni ya msimu tu. Maji ya kutegemewa yako chini sana, katika tabaka la mchanga na mawe liitwalo Merti, ambalo linaelekea Dadaab na Liboi mpaka Somalia. Katikati ya tabaka hilo maji ni matamu, na ukienda pembeni huwa ya chumvi. Kwa hiyo mji na vijiji vyake wanaishi kwa visima virefu, na kisima kirefu hakivutwi kwa kamba na ndoo.

Mambo ya stima si mageni Habaswein. Ulijengwa pale mtambo wa dizeli wa kuhudumia mji peke yake, mbali na gridi ya taifa, kisha zikaongezwa mashine za upepo na paneli za jua ili kupunguza mafuta. Mwaka 2017 Benki ya Dunia ilikubali mradi wa K-OSAP wa kupeleka nguvu za jua katika kaunti 14 zilizoachwa nyuma, Wajir ikiwa mojawapo, na visima vya watu ni sehemu ya mradi huo. Na Garissa penyewe, Desemba 2019, kulifunguliwa kituo cha jua cha megawati 50 chenye paneli zaidi ya 200,000. Basi fundi wa sola siku hizi si mtu wa kutafutwa Nairobi tu. Tofauti iko katika ubora wa kazi.

Kumbuka pia ukame uliopita. Tangu mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Ngamia aliyekaa siku nyingi bila maji aweza kunywa lita 100 kwa mara moja. Katika wakati kama huo, kisima kikisimama siku tatu kwa sababu waya umeungua, watu hawahesabu bei ya waya; wanahesabu mizoga. Ndiyo maana kamati ya kisima, au mwenye shamba, hana budi kuijua kazi hii kiasi cha kumwuliza fundi maswali, hata kama hatashika koleo mwenyewe.

Trei ni nini

Trei ni mkondo mrefu wa chuma ulio wazi juu, unaobebwa na mikono iliyofungwa ukutani au juu ya nguzo. Nyaya hulazwa juu yake na kufungwa. Ziko za namna nne. Ya kwanza ni kama ngazi: vyuma viwili virefu vyenye vipago katikati. Ya pili ni bati lililokunjwa pembeni lenye matundu chini. Ya tatu imefumwa kwa waya mnene kama wavu. Ya nne ni bati zima lisilo na tundu, mara nyingi lenye kifuniko.

Mtu akiona vumbi la Habaswein, husema mara moja, “Nipe hiyo ya nne, iliyofungwa kabisa.” Fikira hii yaonekana ya busara, lakini ni kinyume. Vumbi laini hupita kila ufa. Huingia ndani ya trei iliyofungwa na halina pa kutokea. Baada ya miaka miwili nyaya zimelala ndani ya blanketi la vumbi, na blanketi huzuia joto lisitoke. Trei ya ngazi na trei ya matundu huacha vumbi lianguke chini na upepo upite. Penye vumbi, kitu kilicho wazi hukaa safi kuliko kilichofungwa nusunusu.

Joto hula nguvu ya waya

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo soma polepole.

Kila waya una kiwango cha ampea unachoweza kubeba bila koti lake kuharibika. Lakini kiwango hicho kimeandikwa kwa hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi, ambayo kwetu ni hewa ya asubuhi. Ndani ya chumba cha pampu chenye paa la bati, saa saba mchana, si ajabu kukuta nyuzi 50. Kwa waya wenye koti la kawaida la PVC, ukiwa katika nyuzi 40 kiwango hushuka mpaka asilimia 87, na katika nyuzi 50 hushuka mpaka asilimia 71.

Chukua waya ulioandikwa ampea 40. Katika nyuzi 50 sasa ni waya wa ampea 28. Je, uko peke yake? Hapana, umefungwa katika bomba moja pamoja na nyaya za saketi nyingine tatu zinazofanya kazi wakati mmoja, nazo pia zinatoa joto. Kwa msongamano huo wa saketi nne kiwango huzidishwa tena kwa 0.65. Umebaki na ampea 18 tu. Lakini kama saketi hizo nne zimelazwa kwa safu moja juu ya trei yenye matundu, kipimo ni 0.77, nawe unapata karibu ampea 22. Na hata hapo tumeidhulumu trei kidogo, kwa maana waya unaopigwa na hewa huanza na kiwango kikubwa kuliko waya ule ule ulio ndani ya bomba.

Sasa tuseme pampu yako huvuta ampea 20. Waya ni ule ule, duka ni lile lile, bei ni ile ile. Katika trei unafanya kazi kwa salama. Katika bomba unapikwa kila mchana, na koti lake linakauka na kupasuka pole pole mpaka siku moja waya unagusa waya. Hakuna moshi wa kukuonya miezi sita kabla.

Kama fundi wako anataka kununua nyaya zenye koti la XLPE, linalostahimili nyuzi 90, usimkatalie kwa sababu ya bei kabla hujafanya hesabu. Koti hilo katika nyuzi 50 hubaki na asilimia 82 ya kiwango chake.

Upana wa trei

Hesabu ya upana si ngumu. Pima unene wa kila waya pamoja na koti lake. Kwa mfano una nyaya nne za milimita 20 kila mmoja. Zikilala kando kwa kando zikigusana, zinataka milimita 80. Ukiacha kati yao nafasi ya unene wa waya mmoja, ambayo ni desturi nzuri penye joto, zinataka milimita 140. Trei ya 150 itazipokea, lakini mwakani utaongeza taa ya ua, au pampu ya pili ya kusukuma maji tangini, na mtu atazirundika nyaya mpya juu ya zile za zamani. Nunua ya 225. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko gharama ya lori la kukuletea trei nyingine kutoka Garissa.

Chuma cha namna gani

Karibu trei zote za chuma zina ngozi ya zinki, ila ngozi hizo si sawa. Nyingine hutengenezwa kwa bati lililopakwa zinki kiwandani kabla ya kukatwa. Hii hung'aa na ni laini, nayo huuzwa kwa bei rahisi, lakini mahali ilipokatwa na kutobolewa, chuma ki wazi. Nyingine hukatwa na kutobolewa kwanza, kisha huchovywa nzima katika zinki iliyoyeyuka. Hii ina rangi ya kijivu iliyofifia, si laini sana, pengine ina matone yaliyoganda pembeni, na ndani ya matundu pia mna zinki. Ngozi yake ni nene mara mbili mpaka nne ya ile ya kwanza. Kwa macho ya mnunuzi ile ya kwanza ni nzuri zaidi. Usinunue trei kwa kung'aa.

Mbali na maji, katika hewa kavu ya kaskazini, ile ya bei rahisi aghalabu hudumu vya kutosha. Lakini karibu na mdomo wa kisima, penye maji yanayomwagika kila siku, na hasa kama maji yako yana chumvi, chukua iliyochovywa. Alumini ni nyepesi na haishiki kutu, nayo yafaa, ila isilazwe juu ya saruji mbichi, maana chokaa huila.

Jambo lingine kuhusu chuma ni kwamba hurefuka kwa joto. Trei ya chuma yenye urefu wa mita 30, kati ya alfajiri na adhuhuri, joto lake likibadilika kwa nyuzi 40, hurefuka karibu milimita 14. Ya alumini hurefuka karibu mara mbili ya hapo. Bomba la plastiki la PVC la urefu huo hurefuka milimita 70 au zaidi, na ndiyo sababu mabomba ya plastiki yaliyofungwa juani huonekana yamejipinda kama nyoka na kuchomoka kwenye viungo vyake. Katika njia ndefu acha kiungo kimoja chenye nafasi ya kusogea, na usizikaze bolti za kiungo hicho mpaka zisiweze kuteleza.

Kuifunga

Kwanza kubaliana na fundi juu ya njia yenyewe. Njia fupi si lazima iwe njia bora. Usiipitishe trei juu ya birika la kunyweshea, wala mahali ngamia wanapojikuna. Mbuzi hupanda kila kinachopandika, na punda hula kila kinachoning'inia. Karibu na mifugo, ama trei iwe juu kabisa kwenye ukuta wasikoweza kufika, ama nyaya zizikwe. Ukizizika, zitie katika bomba gumu, kina cha mita 0.6, zilale juu ya mchanga safi usio na mawe, na juu yake utandaze utepe wa onyo kabla ya kufukia. Mchwa huweza kutafuna koti la PVC, basi usiuache waya mtupu udongoni hata kwa hatua mbili.

Waulize wazee maji ya mafuriko yalifika wapi. Mwisho wa 2023, baada ya ukame ule, mvua kubwa zilifurika katika kaunti za Wajir, Garissa na Mandera. Alama ya maji ya mwaka ule ndiyo kipimo chako: trei na sanduku la swichi vikae juu yake, tena kwa nafasi ya kutosha.

Mikono ya kubebea trei ya matundu yafaa kuwa mita 1.5 kutoka mmoja hadi mwingine. Trei ya ngazi iliyo imara huweza kuvuka mita 3, lakini soma karatasi ya mwenye kiwanda. Tuseme njia yako ni mita 24, na trei zinauzwa vipande vya mita 3. Unataka vipande 8 na viungo 7. Usianze mkono wa kwanza mwishoni kabisa mwa trei. Anza sentimita 37 hivi kutoka mwisho. Ukifanya hivyo, kila kiungo kitaangukia robo ya nafasi kati ya mikono miwili, mahali ambapo mzigo hauzidi kukipinda. Ukihesabu kwa njia hiyo utapata mikono 16, na mmoja wa nyongeza karibu na mwisho wa pili, jumla 17. Agiza na bolti za akiba. Bolti kumi zilizosahauliwa huko duka la Garissa zimechelewesha visima vingi kuliko upungufu wa fedha.

Vichwa vya bolti viwe ndani na nati ziwe nje, ili waya usikwaruzwe na ncha. Kila mahali palipokatwa kwa msumeno pana meno. Yapigwe tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, kisha papakwe rangi ya zinki siku hiyo hiyo. Penye kona tumia kipande cha kona. Waya mnene haupindwi kama kamba. Kwa ule wenye ngozi ya chuma, mviringo wa kona usipungue mara 8 ya unene wake.

Nyaya zifungwe kwa vibanio vyeusi vinavyostahimili jua. Vile vyeupe hukatika katika muda mfupi ukivigusa, nasi tumeviona vingi vikiwa vimetapakaa chini ya paneli kama maganda ya njugu. Trei iliyo nje kabisa juani ifanyiwe kivuli: kifuniko kilichoinuliwa kidogo, kikiacha hewa ipite pembeni. Au, afadhali zaidi, ipitishe chini ya paneli zenyewe, ambazo ni kivuli cha bure.

Nyaya za paneli, ile ya chanya na ile ya hasi, zipite pamoja bega kwa bega kutoka mwanzo mpaka mwisho. Zikitengana zikafanya duara kubwa, radi ikipiga karibu hupata mahali pa kusukuma nguvu yake ndani ya mashine. Waya mwembamba wa kupima maji tangini usilale kati ya nyaya za nguvu. Upe trei yake, au utenge kwa bati la katikati, ama sivyo pampu itaambiwa tangi limejaa wakati halina kitu.

Mahali nyaya zinapoingia chumbani, ziingie kutoka chini zikipanda, na kabla ya kuingia zining'inie kidogo ili tone la mvua lianguke nje. Tundu lizibwe kwa mdomo wa kubania waya, ambao mafundi huuita gilandi, ili panya na nyoka wasipate mlango.

Waya wa ardhi na hatari ya sola

Trei ni chuma kirefu ambacho watoto watakishika. Waya mmoja wenye nguvu ukikwaruzika juu yake, trei nzima hupata stima kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo trei lazima iungwe na waya wa ardhi, yaani erthi, na kila kiungo kipitishe stima kwenda kwenye kiungo kingine. Kiungo kilichoachwa kisogee kwa joto kipewe waya wa kukivuka. Shaba tupu isikazwe moja kwa moja juu ya zinki, maana penye unyevu zinki huliwa. Tumia kishikio kilichopakwa bati.

Tena wengi hudhani sola ni stima ndogo. Paneli kumi na tano au ishirini zilizounganishwa kwa mfuatano hutoa volti mia kadhaa, za kutosha kumwua mtu mzima. Stima hiyo haizimwi kwa kufunga swichi ya pampu. Maadamu jua liko, nyaya za kutoka kwenye paneli zina nguvu mpaka zifike kwenye swichi. Na cheche yake haijizimi upesi kama cheche ya stima ya gridi. Huendelea kuwaka kama tochi ya mchomeleaji. Kwa sababu hiyo waya uliochubuka kwenye trei isiyopigwa tupa si aibu ya fundi tu, ni moto.

Kazi ya kuunganisha ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwambie akuonyeshe leseni kabla hujamwonyesha kisima. Kazi ya mkulima ni kuijua njia, kuchimba mtaro, kusimamisha nguzo, na kukagua.

Kukagua

Mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kiangazi na mara baada ya mvua, tembea njia yote asubuhi mapema. Tazama bila kugusa. Tafuta kibanio kilichokatika, koti lililobadilika rangi, kutu ya rangi ya chungwa kwenye viungo, kiota cha ndege juu ya trei, na udongo wa mchwa unaopanda nguzo. Majani makavu ya kiota juu ya nyaya zenye joto ni kuni zilizopangwa tayari. Ukitaka kuondoa kiota au vumbi, mwite fundi azime na apime kwanza. Usimwage maji, na mtu yeyote asikanyage trei ili afike pale juu, alete ngazi.

Andika unachokiona katika daftari la kisima, pamoja na tarehe. Fundi ajaye huenda asiwe yule aliyeijenga, naye atataka kujua ni kiungo gani kimeanza kushika kutu na tangu mvua zipi.